Mjane wa Lango la Chini

Kwenye misheni ya Nxotsheni, chini ya milima inayopata theluji kabla watu hawajatoa mablanketi yao masandukuni, kazi ya kutangaza ufufuko ni ya mwanamke. Alfajiri ya Pasaka waumini wote huenda makaburini kimyakimya, na jua likikaribia kuchomoza mwanamke mmoja huita kwa nguvu, "Bwana amefufuka!" Wote humjibu, "Kweli amefufuka!" Hapo ndipo tarumbeta huanza. Kabla ya mwito huo hakuna anayeruhusiwa hata kukohoa.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya Mama Nosakhele, mpaka meno ya mbele yakamwishia na maneno yakawa yanatoka na upepo mwingi. Umoja wa wanawake ukabishana majira yote ya baridi kuhusu nani amrithi. Mwishowe wakamchagua Nozukile wa ukoo wa Miya, kwa sababu akiita ng'ombe wake ng'ambo ya bonde, hata wa jirani huja.

Halafu mwezi wa Januari mumewe, Mzimasi, akafa kwa kifua.

Basi Nozukile akavalishwa nyeusi: gauni, kitambaa cha kichwa, na mtandio uliofungwa kwa pini begani. Mwenye nyeusi ana kikombe chake na sahani yake. Hapeani mkono na mtu. Kanisani hukaa kwenye benchi la mlangoni, peke yake, huingia wa mwisho na hutoka wa mwisho. Hapiti mbele za watu, wala hapiti lango la makaburi wanalopita watu, mpaka mwaka uishe na nguo zichomwe. Mambo hayo hayamo kwenye Biblia, lakini pale Nxotsheni hakuna aliyewahi kuyatafuta humo.

Wazee wa kanisa wakakutana kabla ya juma la mateso. Mchungaji Sigidi alikaa mezani, na Mzee Ndabeni, kiongozi wa tarumbeta, akakaa karibu na jiko la kuni kwa ajili ya magoti yake. Nowinile, dada wa marehemu, alikuja kwa niaba ya ukoo wa mume na hakuvua koti. Nozukile mwenyewe alikaa karibu na mlango, akajadiliwa.

"Achaguliwe mwingine tu," akasema Ndabeni.

"Mchague wewe," mwenyekiti wa wanawake akamjibu. "Sisi tumeshagombana tukamaliza. Hatuanzi tena."

"Basi avue nyeusi kwa saa moja," akasema Mchungaji, ambaye bado alihesabiwa kuwa mgeni.

Nowinile akamgeukia polepole. "Baba Mchungaji, nyeusi si koti la mvua. Ukiivua umeivua. Kaka yangu hata hajazoea kule alikolala, huyu awe ameshavaa nyeupe?"

"Sijaomba kuvua, wifi," Nozukile akasema.

"Sikukusema wewe. Namsema Mchungaji."

Mchungaji akajaribu njia nyingine. "Wale wanawake waliokwenda kaburini asubuhi ile walikuwa wanakwenda kumpaka maiti manukato. Walikuwa wafiwa. Mnadhani walivaa nini?"

Wazee wakafikiri. Hakuna aliyejua. Ndabeni alisema kwamba kule kwao kuna joto, pengine kitu chepesi.

Chai ilipopoa, uamuzi ukapatikana. Makaburi yana malango mawili. La juu ndilo la watu. La chini ni la mkokoteni wa mchanga na mawe, na karibu nalo ndipo yalipo makaburi mapya, kwa kuwa kule juu kumejaa. Nozukile ataingia kwa lango la chini mapema, na nyeusi yake. Nowinile atamsindikiza, maana mjane hatembei peke yake. Msafara nao mwaka huu uteremke mpaka lango la chini, usimame nje ya ua, usikilize mwito, ujibu, kisha uingie. Kila mtu alitoka hajaridhika, na hiyo ni dalili nzuri kwa wazee wa kanisa.

Ijumaa Kuu wakasoma habari za mateso tangu bustanini hadi msalabani. Miaka yote Nozukile alizisikiliza huku akiwaza makande aliyoyaacha motoni. Safari hii, pale mlangoni, lilipofika neno "Naona kiu," akaacha kuwaza makande. Mzimasi naye aliomba maji. Hakuweza kuyameza, kwa hiyo Nozukile alichovya kitambaa kwenye kikombe akamlowesha midomo, tena na tena, pumzi yake ikitafuta njia. Kumbe Bwana walimwua kweli, Nozukile akawaza. Kumbe hakuwa anaigiza. Alipita njia ileile, na mama yake amesimama anatazama, hana la kufanya. Kengele ya saa tisa ilipolia na watu wote kupiga magoti, aliona kama benchi lile la mlangoni, ambalo hakuna anayelikalia pamoja naye, safari hii lina mtu wa pili.

Jumamosi wanawake walikwenda kupaka makaburi chokaa. Mwenye nyeusi hapaki, kwa hiyo Mchungaji alimkuta nyumbani akifunika mkate wa mvuke. Nozukile akamtilia kinywaji cha tangawizi.

"Mchungaji, mtafute mtu mwingine."

"Tena? MaMiya, wazee wamechoka."

"Ijumaa naiamini yote, mpaka msumari wa mwisho. Jumapili ndiyo inayonishinda. Nisimame pale, Mzimasi yuko miguuni pangu, nipaze sauti niseme kaburi limeshindwa? Mbona mimi naliona limeshiba?"

Maishani mwake Nozukile alidanganya kwa kiasi cha kawaida tu, kama majirani zake. Hakutaka kuzidisha mbele ya kaburi la mume wake.

Mchungaji akanywa tangawizi mpaka nusu. "Sina la kukuambia ambalo sikulisema siku ya mazishi."

"Siku ya mazishi sikusikia kitu."

"Basi sikiliza. Marko anasema wale wanawake walikimbia wakitetemeka, wasimwambie mtu neno. Kwa kazi ya kutangaza, hao ni wabaya kabisa. Na bado habari imefika Nxotsheni."

"Kwa hiyo na mimi nikimbie?"

"Nakuambia ilivyoandikwa tu," akasema Mchungaji, akaomba aongezwe tangawizi.

Alfajiri ukungu ulikuwa mzito kama uji wa mgonjwa. Nozukile na Nowinile waliteremka kwa njia ya mkokoteni, mmoja mbele, mwingine nyuma, bila kusemezana. Wakaingia lango la chini. Kaburi la Mzimasi lilikuwa tuta tu la udongo, bila chokaa, kwa sababu halijatimiza mwaka. Wakasimama kando yake, wakasubiri msafara.

Msafara haukuja. Ulikuwa umeondoka kanisani kwa wakati wake, Ndabeni akiongoza, na Ndabeni alikuwa amekubali lile badiliko kwa moyo wake wote. Ila hakuna aliyeiambia miguu yake, na hiyo miguu ilikuwa imekwenda lango la juu tangu ana nywele. Watu wakafuata mgongo wake kwenye ukungu. Wakafika lango la juu, wakasimama kimya, wakangoja mwito. Kwa kuwa hairuhusiwi kusema neno, hakuna aliyeuliza.

Huku chini mwanga ukaanza kuwa wa kijivu.

"Labda wamebadili mawazo," Nowinile akanong'ona.

"Labda," akasema Nozukile, na moyo wake ukatulia. Kama hakuna watu, hakuna wa kudanganywa. Wangengoja kidogo, kisha warudi wakapashe makande.

Nowinile alikuwa anatazama lile tuta. Alilitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama nguo asiyoijua kwenye kamba yake.

"Sikumwona akiwekwa," akasema.

"Ulikuwepo, wifi."

"Nilikuwa kwenye masufuria. Nani angewapikia wale watu wote? Walipotoka kuzika walinikuta nakoroga. Mpaka leo sikuwa nimefika hapa." Akajifuta pua kwa kiganja. "Mimi nimepiga kelele za nyeusi, nyeusi, kana kwamba nyeusi ndiyo kaka yangu."

Kwa desturi Nozukile hakuruhusiwa kumshika mtu mkono.

"Wifi," Nowinile akasema, na sauti yake ilikuwa ya msichana, si ya msemaji wa ukoo. "Niambie ukweli. Atatoka humu?"

Ilikuwa rahisi zaidi kuwatangazia watu mia kuliko kumjibu huyu mmoja. Nozukile akatafuta maneno yake mwenyewe, hakuyapata. Alimkumbuka yule aliyeona kiu. Naye aliwekwa shimoni, jiwe likavingirishwa, na waliompenda wakarudi nyumbani. Kama yeye alitoka, basi anayajua makaburi kwa ndani, na Mzimasi hakulala mahali pasipojulikana. Na kama hakutoka, hapakuwa na jibu lolote la kumpa wifi yake. Kutoka kwa yule na kutoka kwa Mzimasi lilikuwa jambo moja tu.

"Bwana amefufuka," akasema, kwa sauti ya kuongea tu.

Nowinile akamtazama. "Hivyo ndivyo unavyoita? Hata ng'ombe asingegeuka."

Basi Nozukile akajaza kifua akaita. Akaita kama anavyoita ng'ombe ng'ambo ya bonde, na sauti ikapanda kati ya makaburi meupe, ikafika kwa watu walioganda miguu kwenye lango la juu. Nowinile ndiye aliyejibu wa kwanza, peke yake, kabla ya wote: "Kweli amefufuka!" Kisha kutoka kwenye ukungu, upande ambao hakuna aliyeutarajia, likaja jibu la kanisa zima, na nyuma yake tarumbeta, mbili kati ya hizo zikiwa bado zimeganda.

Udongo haukutikisika. Nozukile aliutazama kidogo, akajichunguza, akaona hakuwa amedanganya.

"Mko wapi ninyi?" Ndabeni akaita kutoka juu, kwa uchungu wa mtu aliyesubirishwa.

"Huku chini!" Nowinile akajibu, akiwa ameushika mkono wa mjane pale kaburini kwa kaka yake. "Teremkeni wote! Ninyi ndio mmepotea!"