Mikono ya Kushika Kichwa

"Kama hutaki kumshika kichwa, sema tu unataka afe," Kalunde alisema. "Sema kwa sauti, nisikie vizuri."

"Nimesema sitamshika tena. Hayo mengine umeongeza wewe, Mama."

"Na mpira aliutoa nani?"

"Mimi. Tangu asubuhi nakwambia ni mimi."

Wariara alikuwa amejisimamisha kati ya kitanda na meza, mikono ameikunja kifuani, na hakuonyesha dalili ya kusogea. Karibu na mlango, juu ya jiko la makaa, sufuria ndogo ilikuwa ikitokota, na ndani yake mpira mwekundu, mwembamba kuliko kidole, ulijipindapinda majini. Kitandani Muthama alilala chali, macho wazi yakielekea kwenye mabati. Huyu alikuwa mwana wa Kalunde na mume wa Wariara. Kwa miezi kumi na minne kila kilichoingia tumboni mwake kilipitia mpira wa namna ile, uliosukumwa puani ukashuka kooni. Leo pua yake ilikuwa tupu. Kilichobaki ni alama nyeupe ya plasta shavuni.

"Tangu jana saa kumi na mbili hajapata kitu," Kalunde alisema. "Sasa ni saa nne kasoro. Hesabu unajua?"

"Najua."

"Basi sogea."

"Nikisogea utauweka peke yako?"

Hapo ndipo shida ilipokuwa, na wote wawili walijua. Kazi ile ilitaka watu wawili. Mmoja asukume mpira, mwingine akishike kichwa kwa mikono miwili na kukiinamisha mbele mpaka kidevu kiguse kifua. Kichwa kikirudi nyuma, mpira huweza kupotea njia ukaingia mapafuni, na uji ukimiminwa huko mtu huzama akiwa kitandani, mchana kweupe. Muthama hakujua lolote, lakini koo lake lilijua kupigana. Mpira ukilifikia, mwili wote ulikakamaa, uso ulivimba, vidole vilijikunja kama vya mtu anayening'inia kwenye tawi, na machozi yalimtoka. Mpira ulibadilishwa kila mwezi. Mara kumi na nne Wariara alikuwa amekishika kichwa kile, na mara kumi na nne machozi yale yalikuwa yamepita katikati ya vidole vyake.

Siku nyingine Kalunde angemwita Mulei, dresa anayefunga vidonda pale dispensari, lakini Mulei alikuwa likizoni kwao Migwani. Majirani walikuwa sokoni. Na pale dispensari akina mama walikuwa wameshapanga foleni na watoto wa kliniki, wakimngoja Kalunde.

Kalunde alikuwa muuguzi wa diploma, na dispensari ile ya Kalamba alikuwa ameiendesha kwa miaka kumi na tisa. Watu walimwita Sista, hata mchungaji. Hakuwa mtu wa maneno ya sukari. Mtoto akililia sindano alimwambia, "Lia haraka tumalize." Mwanawe alipoletwa nyumbani hakulia mbele ya watu. Alipiga misumari ukutani akatundika chati, akaandika saa za kumgeuza, saa za uji, saa za kumpangusa. Kila saa mbili Muthama aligeuzwa. Miezi kumi na minne, wala mgongo wake haukuwa na kidonda hata kimoja. Wauguzi waliotoka mbali kuja kumpa pole walimfunua shuka wakatazama, wakatikisa vichwa kwa kustaajabu.

"Mchungaji alisema nini Jumapili?" Kalunde aliuliza. "Kumnyima mtu chakula ni kuua. Ulikuwa umekaa benchi la pili, usiniambie hukusikia."

"Nilisikia. Mchungaji hajawahi kumshika kichwa."

"Na kaka yako Gicheru alisema nini alipokuja kutoka Emali? Mlikaa nje saa nzima mkinong'ona Kikikuyu chenu. Alikuja kukuchukua?"

"Alikuja kuniona."

"Huna mtoto hapa. Mguu mmoja uko ndani, mmoja uko nje. Muthama akizikwa leo, kesho utakuwa dukani kwa Gicheru unapima sukari."

Wariara alikunjua mikono. Uso ulimwiva, lakini sauti yake ilibaki pale pale. "Na nikienda? Nikipima sukari, nikiolewa hata na mwingine, Muthama atakuwa amesikia? Wewe ndiye Sista, niambie. Atajua nimeenda?"

Kalunde alichukua koleo akauinua mpira kutoka sufuriani, akauacha udondoshe maji.

Jibu alikuwa nalo. Alipewa Nairobi, na daktari kijana ambaye hata ndevu hazijakaza. Muthama alikuwa fundi wa maabara kwenye kituo cha utafiti wa kilimo huko Kiboko, na jioni moja alikwepa punda kwenye barabara ya Mombasa, pikipiki ikamtupa, kichwa kikapiga ukingo wa daraja. Baada ya wiki sita daktari alimwita Kalunde kando. Ubongo wa kufikiri umekufa, Sista, alimwambia. Kilichobaki ni kile kipande cha chini kinachopumua. Atafungua macho, atalala na kuamka, atapiga miayo, lakini hayumo. Mimi ningeutoa mpira, nimwache aende pole pole. Kalunde alimjibu, "Daktari, mpira wa pua nimeanza kuuweka kabla hujaanza shule. Nipe mwanangu." Akatia sahihi karatasi, akaondoka naye kwa gari la hospitali, mpira puani.

"Sikuutoa kwa hasira," Wariara alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Jana usiku alikohoa mpaka nikadhani anakufa. Nikasema, akifa mikononi mwangu nashukuru. Halafu nikaogopa kwa kusema hivyo. Asubuhi nikautoa. Usinitafutie Gicheru katika hili."

"Hukuniuliza."

"Wewe uliniuliza, ulipotia sahihi kule Nairobi? Nilikuwa nje ya mlango. Mke wake nilikuwa nje ya mlango kwenye benchi, nimeshika viatu vyake."

"Hodi hapa," mtu aliita kutoka uani.

Aliingia mwanamke mfupi, kitambaa kichwani, thamosi kubwa ya maua mkononi. Alikuwa Syombua. Akina mama wa kanisa walikuwa wamegawana siku za kumpikia Muthama uji, na karatasi ya majina aliishika Mutindi, mwenyekiti wao. Alhamisi ilikuwa ya Syombua. Uji wa wimbi, maziwa, yai moja, sukari kidogo, uchujwe kwa kitambaa mara mbili usizibe mpira. Tangu mwanzo hakuwahi kukosa Alhamisi hata moja.

"Umekuja wakati mzuri," Kalunde alisema kwa Kikamba. "Weka hiyo chini. Nawa mikono, sabuni iko hapo. Unishikie kichwa cha huyu."

Syombua alimtazama Wariara, akautazama mpira. Alinawa mpaka viwikoni, akajipangusa kwa leso safi, akapita pembeni mwa Wariara ambaye, kwa mshangao, alimpisha. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Kalunde alimwinua mwanawe akampangia mito mgongoni, na Syombua akakishika kichwa. Alikishika vizuri. Kiganja kimoja nyuma ya shingo, kingine juu ya paji, wala hakufundishwa.

"Mbele kidogo," Kalunde alisema. Aliupima mpira kutoka puani hadi sikioni, kutoka sikioni hadi chini ya kifua, akatia alama ya plasta. Akaupaka mafuta nchani. Mikono yake ilikuwa imetulia kama siku zote. "Hapo hapo. Sasa ukaze."

"Nitakaza, Sista," Syombua alisema. Aliongea Kiswahili sasa. "Sikatai. Mikono ni hii. Lakini kwanza unijibu neno moja, na nauliza kwa Kiswahili ili na huyu mkewe asikie."

"Uliza haraka."

"Kivuva wangu. Ulisema hasikii njaa, hasikii kiu. Ulisema mpira utamsumbua bure. Ilikuwa kweli?"

Kalunde alibaki ameinama, mpira ukiwa karibu inchi moja na pua ya mwanawe.

Alimkumbuka. Angewezaje kumsahau. Miaka mitatu nyuma, mvulana wa miaka saba, malaria ilimpanda kichwani, akakaa hospitali kubwa mwezi mzima na kurudishwa na degedege zimekwisha na yeye mwenyewe amekwisha. Macho wazi, mkojo kitandani, hamjui mama wala mgeni. Syombua alimbeba mgongoni mpaka dispensari. Kalunde alimpima, akamchoma pini kwenye nyayo, akamwangaza tochi machoni. Kisha akamweleza mama yule waziwazi, kama alivyowaeleza watu wote. Huyu harudi. Mpeleke nyumbani, mloweshe midomo, mpe kwa kijiko akimeza, asipomeza usilazimishe. Syombua alimbeba tena mgongoni. Mtoto alikaa siku kumi na moja, akafa.

"Watoto ni tofauti," Kalunde alisema.

"Tofauti gani?"

Alitafuta. Alizoea majibu kuja yenyewe, yamepangwa kama dawa kabatini, na sasa alifungua kabati akakuta rafu tupu. Mmoja aliumizwa na mbu, mwingine na jiwe la daraja. Mmoja alikuwa na miaka saba, mwingine ishirini na saba. Mmoja alikuwa wa Syombua.

"Na mpira ulikuwapo?" Syombua aliuliza.

"Ulikuwapo. Ilikuwapo miwili."

"Niliiona ulipofungua kabati. Nikasema Sista anajua kazi yake. Nilikaa naye siku kumi na moja kwenye mapaja. Watu wakiniambia ninaua mtoto, nawaambia Sista amesema hasikii. Mwaka mzima sikukusalimia kanisani, hukuona?"

"Niliona."

"Halafu Mutindi akaniandika Alhamisi." Kichwa cha Muthama kilikuwa kimetulia kati ya viganja vya Syombua. "Sikuja kukuhukumu. Ukisema tukaze, tutakaza, nitakuja na mwezi ujao. Lakini nikitoka hapa nataka kujua nilimfanyia nini mtoto wangu. Kama ulinidanganya, niambie. Nitabeba."

Wariara alikuwa ameshika ubao wa miguuni mwa kitanda. Hakuna aliyemtazama.

Kalunde aliona wazi kwamba jibu ni moja kati ya mawili. Akisema ilikuwa uongo, mpira uingie, na mwanamke huyu atoke hapa akijua alimwua mtoto wake kwa njaa kwa neno la muuguzi. Akisema ilikuwa kweli, basi mpira huu ni wa nini? Si wa Muthama. Alijaribu kuupata ule uhakika aliokuwa nao siku ile, siku ya pini na tochi, na akaona haukuwa umeondoka. Pini na tochi alikuwa amevitumia kwa Muthama pia. Kila Jumatatu, nyumba ikiwa haina mtu, alimchoma, akamwangaza, na kwenye chati hakuandika kitu.

"Ilikuwa kweli," alisema. "Nilikwambia kweli. Hakusikia."

Syombua alivuta pumzi, akaitoa pole pole. Machozi yalimjaa, asiyapanguse kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. "Basi nishike?" aliuliza. "Nikaze?"

"Achia."

"Sista?"

"Nimesema achia. Mlaze pole pole, usitupe kichwa."

Kalunde alinyooka. Mgongo ulimuuma. Alikwenda mezani, akachukua mkasi wa plasta, akaukata mpira katikati, kisha kila nusu akaikata tena. Vipande vinne vilianguka kwenye beseni. Akafungua kisanduku chini ya meza, akatoa mpira wa akiba uliokuwa bado kwenye karatasi yake, akaukata nao, karatasi na yote.

"Mama," Wariara alisema.

"Usiku nitabadilisha nia. Najijua. Afadhali nisiwe na kitu mkononi."

Wariara alikuja akasimama kando yake. Hakumgusa. "Atakaa siku ngapi?"

"Kumi. Kumi na mbili, maana nimemlisha vizuri." Alilisukuma beseni pembeni. "Pumzi itabadilika karibu na mwisho, itakuwa na kelele. Usishtuke. Kugeuza ni kila saa mbili kama kawaida. Hatakufa na vidonda nyumbani kwangu. Na hutaondoka kabla siku hizo hazijaisha."

"Sikuwa naondoka."

"Nilikuwa nakutukana."

"Nilijua."

Kalunde alimgeukia Syombua. "Pita kwa Mutindi, umwambie akina mama wasipike tena. Akitaka sababu aje kwangu. Mchungaji nitamwendea mwenyewe leo, asisikie njiani. Na pale dispensari waambie wenye watoto wangoje, nakuja." Akaitazama thamosi. "Huo uji usimwagwe. Wape hao wanaongoja, wametoka mbali."

Syombua aliichukua thamosi. Aliibana kwapani, akatoka.

Kalunde alimimina maji yaliyochemshwa kwenye kikombe, akayapuliza yapoe, akachovya pamba na kuikamua kidogo. Aliketi mahali Syombua alipoketi. Alianza na mdomo wa juu, akashuka wa chini, akarudia, akahakikisha hakuna tone linalokwenda kooni. Wariara alivuta kiti upande wa pili, akanyoosha mkono.

"Nipe na mimi pamba," alisema. Kalunde akampa.