Viti Sita vya Mwalimu Selina

Kwa miaka ishirini na tisa karakana ile ya Kirumba, iliyobanwa kati ya mawe mawili makubwa juu kidogo ya njia ya kwenda Mwaloni, ilikuwa ya watu wawili. Masele alichimba matundu, Jumbe alikata ndimi. Asiyejua useremala aelezwe mara moja tusichoshane: mguu wa kiti huchimbwa tundu kwa patasi, na ile papi inayounganisha mguu na mguu huchongwa ncha yake iwe ulimi, kisha ulimi unagongwa ndani ya tundu kwa gundi. Vikishikana barabara, kiti hicho utakikalia mpaka wajukuu wakigombee. Visiposhikana, kitakuangusha mbele ya wakwe. Misumari waliwaachia watu wenye haraka.

Masele alikuwa fundi kweli, hilo hakuna wa kumnyima. Lakini alikuwa na mdomo, na mdomo ndio uliomponza.

Ilikuwa mwanzoni mwa masika. Mwalimu Selina wa Butimba, mstaafu, mwanamke asiyependa kuzungushwa, alipanda kilima na kiti kimoja juu ya guta la magurudumu matatu. Kiti hicho alikuwa amekinunua palepale mwaka uliopita, na sasa mguu wa nyuma ulikuwa unacheza. Alitaka kuagiza viti sita vipya vya mninga, lakini kwanza alitaka kuelezwa kwa nini hiki kimelegea.

Masele alijua kwa nini. Mbao za kiti kile zilikuwa mbichi, na aliyezinunua mbichi ni yeye, Jumbe akimwambia waziache zikauke kwanza. Kusema hivyo mbele ya mteja kulimshinda. Akainama, akaokota papi moja ambayo Jumbe alikuwa amemaliza kuichonga asubuhi ile, akaweka skwea, kile kipimo cha pembe, kwenye ulimi wake, akainua juu kuelekea mlangoni.

"Mwalimu, njoo uone mwenyewe. Unaona mwanga huo unaopita? Ulimi umepinda. Tundu langu mimi halijapinda hata siku moja. Miaka yote hii nimebeba mkono wa mtu."

Jumbe alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, msumeno mkononi, vumbi la mninga kwenye nyusi. Alimtazama Masele kwa muda, kama anayesubiri mwenzake acheke ili ijulikane ni utani, maana wawili wale walitaniana tangu asubuhi hadi kufunga. Masele hakucheka. Basi Jumbe akaviringisha misumeno yake miwili ndani ya gunia, akachukua redio yake, akamwambia mwalimu, "Utuwie radhi kwa kiti, mama," akashuka kilima.

Kesho yake hakuja. Wiki haijaisha, dereva mmoja wa bodaboda akamwambia Masele kwamba Jumbe kaonekana Nyakato, kwenye karakana kubwa ya mfanyabiashara mmoja aitwaye Farouk, ambako mashine ndizo zinazofanya kila kitu.

"Atarudi," Masele alisema. "Mtu wa msumeno wa mkono ataiweza wapi mashine?"

Machi ikapita, Aprili ikapita.

Upweke wa karakana una namna yake ya kukuumbua. Mbao ndefu haikatwi na mtu mmoja: mmoja anakata, mwingine anaikalia isirukeruke. Masele akawa anafunga mbao zake kwenye meza kwa mpira wa tairi, na kila akifika katikati ya kukata, mpira unalegea. Mara nyingi alijikuta ananyoosha mkono nyuma na kusema, "Nishikie hapo," kisha mkono unabaki hewani. Upepo wa ziwa ulimletea harufu ya dagaa na kelele za wachuuzi, watu tele kule chini, na yeye hapo juu hana hata wa kubishana naye. Simba ilimfunga Yanga na Masele, Simba wa damu, akakosa mtu wa kumchokoza. Alipaswa kufurahi. Alikaa tu, chai ikapoa mbele yake.

Mkewe, Tereza, alikuwa Kahama kwa binti yao Bernadeta, aliyejifungua mapacha, na haikujulikana angerudi lini. Alipiga simu kila jioni. Baada ya habari za mapacha aliuliza, "Na Jumbe hajambo?"

"Hajambo. Ndiyo kwanza kashuka."

Hakuwa amemwambia. Angemwambiaje? Tereza angeuliza nani kaanza, na jibu Masele alikuwa nalo.

Viti sita alivyoviagiza mwalimu siku ile vilikuwa vya kukabidhiwa mwisho wa Juni. Safari hii alichagua mninga mkavu, unaolia ukiugonga, akachimba matundu yake kwa mkono uleule wa miaka yote, kisha akakata ndimi mwenyewe. Alizipima kwa skwea moja moja. Hata uzi wa mwanga haukupita. Akasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na msikilizaji, "Hizi ndizo ndimi."

Alipounga kiti cha kwanza, kilisimama kwa miguu mitatu. Wa nne ulining'inia, na kiti chote kilionekana kimegeuza shingo upande. Akalaumu mbao. Cha pili akakiunga polepole, akakibana kwa kamba. Kamba ilipotoka, kikageuza shingo upande uleule. Akalaumu gundi. Cha tatu hakukigundisha, alikijaribu kikavu tu, na kilipomfanyia vilevile akakaa chini juu ya maranda, mtu wa miaka sitini na mmoja, akaogopa. Maana kama mkono wake umekwisha, basi hana kitu kingine. Hakuwahi kujifunza kazi nyingine, na hakuwahi kujifunza kukaa bure.

Kwenye pipa la kuni palikuwa na papi nne za Jumbe, zile za asubuhi ya ugomvi. Masele alizitupa humo mwenyewe siku ileile kwa hasira, na kwa bahati alikuwa hajazipikia. Sasa alizitoa, nia yake si nzuri: alitaka kuuona tena ule upindo, apate angalau wa kumcheka. Akaweka skwea. Kweli, mwanga ulipita. Ulimi wa Jumbe ulilala upande kidogo, unene wa ukucha. Papi ya pili ilikuwa hivyo hivyo, upande uleule, kiasi kilekile. Ya tatu, ya nne, hivyo hivyo.

Hapo akaacha kucheka. Mkono mbovu hukosea huku na kule, haukosei mara nne kwa kipimo kimoja.

Akachukua mguu wa kiti aliouchimba yeye, akauingiza ulimi wa Jumbe ndani ya tundu lake. Uliingia kwa kusukumwa na kiganja, ukatoa pumzi ndogo ya hewa, ukakaa. Akaweka skwea kati ya mguu na papi. Pembe ilikuwa sawa kabisa. Akaziunga zote nne, akakiweka kiti sakafuni, na kiti kikasimama kwa miguu yake yote bila gundi wala kamba.

Tundu halipimwi na mtu. Ulimi uko nje, kila mwenye macho anauona, lakini tundu ni giza, ukishalichimba unaliziba. Masele alichonga kijiti kilichonyooka, akakichomeka ndani ya tundu lake jingine, akapima kijiti. Kililala. Akapima tundu la pili na la tatu, akapima matundu yote ya miguu yote iliyokuwa mezani, na vijiti vyote vililala upande mmoja, unene wa ukucha.

Miaka ishirini na tisa alichimba matundu yaliyopinda, na miaka ishirini na tisa kuna mtu alikaa mbele yake akikata ndimi za kumnyoosha, wala hakusema. Masele alilia. Tusimfiche, alilia, na alishukuru kwamba siku ile hapakuwa na mteja.

Asubuhi alifunga mguu mmoja wa kiti ndani ya khanga kuukuu ya Tereza, akapanda bodaboda hadi Nyakato.

Karakana ya Farouk ilikuwa ndefu, na mashine zilipiga kelele kiasi kwamba watu walizungumza kwa mikono. Jumbe alimwona tangu mlangoni. Akazima mashine yake, akaja anafuta mikono kwenye suruali.

"Mwangaluka, ngosha," akamwamkia Kisukuma, kama alivyomwamkia kila asubuhi, ingawa Kisukuma chake kilikuwa cha kuokoteza. Watu wake walitoka Ujiji.

"Mwangaluka," Masele aliitikia. "Nina mguu hapa unanisumbua."

Wakakaa nje kwenye rundo la magogo. Jumbe aliufungua, akaingiza kidole ndani ya tundu, akatabasamu.

"Bado unaegemea kushoto."

"Ulijua?"

"Tangu kitanda cha kwanza."

"Kwa nini hukuniambia, Jumbe?"

Jumbe alifikiri. "Mwaka wa kwanza nilikuwa mgeni kwako, ningekuambiaje? Mwaka wa pili nikazoea. Baada ya hapo, kaka, nikawa sioni tena kwamba limepinda. Naona ni tundu la Masele tu."

Masele aliinamisha kichwa. "Nisamehe. Nilikutia aibu mbele ya mtu, na aibu ilikuwa yangu. Hata zile mbao mbichi zilikuwa zangu."

"Nilikusamehe siku ileile, sijafika hata barabarani."

"Basi rudi. Sikuja kwa ajili ya mguu. Nimekuja kukuchukua. Pale pamenishinda peke yangu."

Kelele za mashine ziliwapita. Jumbe aliikunja khanga taratibu, pembe kwa pembe.

"Magoti yangu, kaka. Kile kilima nilikuwa nakipanda kwa ajili yako, wewe hukujua tu. Hapa nashuka kwenye gari nimefika. Binti yangu Nusrat anakaa mtaa wa pili, mchana nakula na wajukuu." Akamrudishia khanga. "Siyo hasira. Ingekuwa hasira ungeniweza."

Masele alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kununiwa, hata kwa kuombwa aondoke. Kwa hili hakujiandaa.

"Lakini sikuachi hivyo," Jumbe alisema akainuka. "Njoo."

Akamweka mbele ya meza, akafunga kipande cha mninga kwenye jiriwa, akampa patasi na nyundo. Masele akasimama kama alivyozoea, ubavu kidogo. Jumbe akamshika mabega yote mawili, akamsogeza.

"Usisimame kando. Mti uwe katikati ya kifua chako. Patasi inamfuata mwenyewe. Haya, chimba."

Masele alichimba. Mwili mzima ulimkataa, kama kula kwa mkono wa kushoto. Tundu la kwanza lilipinda, la pili upindo ukapungua. Wafanyakazi wa Farouk walipita wakiangalia mzee anayefundishwa, naye hakujali. La tatu Jumbe alilichomeka kijiti, akaweka skwea, akainua kuelekea kwenye mwanga, kisha akampa Masele ajionee.

Lilikuwa limenyooka.

"Umeona?" Jumbe alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli, hilo ndilo lililouma. "Sasa unaweza kufanya kazi peke yako."

"Wabeja," Masele alisema. "Asante sana, Jumbe."

Mwisho wa Juni Mwalimu Selina alikuja na gari dogo la mizigo. Viti sita vilipangwa nje ya karakana. Vitano Masele alikuwa amevianza upya na kuvimaliza mwenyewe, tundu na ulimi, na havikuwa na kosa. Kimoja, cha pembeni, kilikuwa na matundu yake ya zamani na zile papi nne za Jumbe. Mwalimu alikikalia kila kiti, akajitikisa kwa makusudi huku na huku, akarudia tena.

"Havichezi," alisema. "Ulisema kweli siku ile, fundi. Tatizo lilikuwa ule mkono wa mwenzako."

"Hapana, mwalimu. Mkono uliopinda ulikuwa wangu. Yeye alikuwa ananinyoosha."

Selina alicheka kwa upole. "Hayo ndiyo malezi. Hata aliyekuharibia kazi unamsitiri."

Masele alifungua mdomo amwonyeshe. Akatafuta kwa macho kitu cha kumwonyesha, na hakukipata. Miguu ya zamani alikuwa ameikata vipande. Matundu ya kiti kile kimoja yalikuwa yamezibwa na kugundishwa, kilichopinda na kilichonyoosha vyote vimo ndani, na nje hapaonekani kitu.

"Mwalimu," alisema, "kile cha pembeni nibakishie. Nitakutengenezea kingine, wiki moja tu."

Selina alikwenda akakikalia tena, akajitikisa, akapitisha mkono kwenye maungio.

"Kimekosa nini? Mbona vyote sita ni sawasawa."

Masele alivitazama. Ilikuwa kweli, hakuna ambaye angeweza kujua. Dereva alipoanza kupakia, alikibeba kile kimoja mwenyewe mpaka kwenye gari.