Mwenye Sheria ya Mstari Mmoja

Alhamisi, tarehe sita Novemba. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito na manyunyu membamba, yale yasiyolowesha nguo lakini yanaingia mpaka kwenye mifupa. Niliomba yageuke mvua. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwomba Mungu mvua kubwa, ya kufunga barabara, ili jioni nisiende chuo na lawama isiwe yangu. Saa nne jua likatoka, kali, na ukungu wote ukayeyuka kana kwamba haukuwepo. Nikajua nimejibiwa.

Katika kozi yetu ya fizikia ya mwaka wa kwanza, ya masomo ya jioni, kuna sheria kwamba mwanafunzi akikosa maabara mara tatu amejitoa mwenyewe. Haandikiwi barua wala haitwi. Mimi nilikuwa nimekosa mara mbili. Mara ya kwanza mdogo wangu alikuwa wodini. Mara ya pili tulikuwa msibani kwake. Nikikosa na leo, kozi imekwisha, na bila kozi hiyo sitapokelewa kusomea kazi ya chumba cha eksirei. Chumba hicho nimekitazama miaka yote kutoka ng'ambo ya korido, mimi nikiwa upande wa dobi, nikipiga pasi mashuka ya hospitali.

Sheria hiyo naijua vizuri kwa sababu ni yangu. Mwalimu wetu, binti ambaye ningeweza kumzaa, ana utaratibu wake. Siku ya kwanza hakutugawia karatasi za sheria twende tukasome nyumbani. Alisema karatasi hizo huishia kufungia karanga. Alimsimamisha kila mmoja asome sheria moja kwa sauti, kisha aahidi mbele ya wenzake kuilinda. Kuanzia hapo wewe ni mwenye sheria hiyo. Mtu akiivunja, wewe ndiye wa kumkumbusha, na mwalimu haingilii.

Dereva wa teksi alipata sheria ya kuzima simu, na hakuna mtu darasani ambaye simu yake hulia kama yake, basi tukamwita Simu. Mimi nikawa Mama Tatu. Mdogo wangu, fundi wa mafriji, aliyekuwa ameketi kulia kwangu akitafuna kifuniko cha kalamu, alipata hii: "Namba ya kipimo huandikwa kwa wino na haifutwi. Ukikosea, piga mstari mmoja juu yake, kilicho chini kiendelee kusomeka." Aliisoma kwa sauti nzito ya mtu anayetangaza mkutano wa hadhara. Darasa likacheka.

"Naahidi," akasema, "ingawa mke wangu angefurahi kama mambo yangu mengine yangefutwa kabisa."

Yeye ndiye aliyenileta chuo. Wenye vyumba vya baridi walikuwa wameanza kutaka fundi mwenye cheti, naye hakutaka kwenda peke yake. "Dada," aliniambia, "unanyoosha mashuka ya watu tangu mimi sijaota ndevu. Twende ukanyooshe na akili." Nikamwambia nimezeeka. Akasema, "Kinachozeeka ni shuka. Pasi haizeeki, ni kuiwasha tu."

Basi tukawa jozi ya maabara, mtu na dada yake. Kazi kubwa ya muhula ilikuwa golori ya chuma iliyoning'inizwa kwa uzi wa mita moja. Unaivuta kidogo kando na kuiachia. Mnahesabu inavyokwenda na kurudi mpaka ishirini, na mmoja anapima muda kwa stopwochi. Muda ule ukiugawanya kwa ishirini na kuuingiza kwenye fomula, unapata kiasi ambacho dunia inavuta vitu kuja kwake. Darasa zima lilipata karibu na tisa nukta nane. Sisi tulipata kumi nukta tisa. Tukarudia tangu mwanzo. Kumi nukta tisa.

"Labda upande huu wa meza dunia ina njaa zaidi," alisema mdogo wangu.

Mwalimu alizungushia jibu letu duara jekundu. "Kosa lipo. Litafuteni wenyewe, wiki ijayo mnieleze."

Wiki iliyofuata hatukuwepo. Mdogo wangu alianguka ndani ya chumba cha baridi cha bucha moja, kiharusi, spana ikiwa mkononi. Wakamleta hospitali ninakofanya kazi. Kwetu dobi, mashuka ya kila wodi hushuka katika mifuko ya rangi yake, na wodi aliyolazwa ni ya mifuko ya kijani. Siku zile nilifua ya kijani kabla ya mingine. Nilipiga pasi kila shuka pande zote mbili na kuliombea, bila kujua ni lipi litakalomfikia. Kisha asubuhi moja mfuko wa kijani ukaja kabla ya saa yake, na aliyeuleta hakunitazama usoni.

Nilikuwa nimemwomba Mungu mengi juu ya mashuka yale. Bado sijamuuliza kwa nini. Nasubiri mpaka niweze kuuliza bila hasira.

Basi leo mchana, nikiwa bado sijaamua kwenda chuo au kuacha, wifi yangu, mjane wa mdogo wangu, akaja dobi.

"Karibu, wifi. Kaa juu ya kapu hilo, ni safi."

Hakukaa. "Leo si siku ya maabara?"

"Ni leo. Miguu ndiyo haitaki."

"Miguu itazoea. Nasikia utapewa mwenzako mwingine."

"Ndivyo sheria ilivyo. Ukibadili mwenzako mnaanza upya. Vipimo vya zamani havihesabiwi."

"Na vile vyake?"

Nikageuza shuka. Pasi ikatoa mvuke.

"Nimepekua nyumba nzima," alisema. "Nimekuta spana, waya, viatu. Mwandiko wake sikuukuta. Yule alikuwa mtu wa kupiga simu, hata risiti alikuwa anamwandikisha mteja mwenyewe. Kilichobaki cha mkono wake ni ukurasa ule wa vipimo, kwenye daftari lililo kwako. Wifi, wasije wakauchana."

"Sijui mwalimu atasema nini."

"Marehemu aliniambia mlikosea mahali."

"Tulikosea. Hatukujua wapi."

"Kwa hiyo ameondoka hajui?"

"Ameondoka hajui."

Akatikisa kichwa polepole, akashika ukingo wa meza yangu. "Mume wangu alikuwa halali friji ya jirani ikinguruma bila sababu. Atoke usingizini aende kugonga mlango wa watu! Nenda, wifi. Nenda ukalitafute."

Nikaenda.

Mwalimu huita majina kwa mpangilio wa alfabeti, na sisi wa baba mmoja tulifuatana: yeye kwanza, kisha mimi. Muhula mzima nilikuwa nikisikia jina lake ndipo najiandaa kuitika. Jioni hii aliita mtu wa kabla yake, kisha akaniita mimi. Orodha ilikuwa mpya, imechapwa ofisini. Nilikuwa nimekaa mbele, nikaiona: majina yamefuatana vizuri, hakuna pengo, hakuna alama, kana kwamba hakuna aliyewahi kukaa pale katikati. Nilichelewa kuitika. Mwalimu akasubiri, kalamu juu.

"Nipo," nikasema.

Nikapangwa na Simu, ambaye mwenzake alikuwa ameacha kozi. Akaja na kiti chake, akakaa kushoto kwangu. Aliona kiti cha kulia akakiacha.

"Pole sana, Mama Tatu. Yule ndugu yetu alikuwa mtu. Leo nimezima simu kwa heshima yake."

Mfuko wa shati lake ukalia.

"Hiyo ni ya pili," akasema, akiihangaikia. "Nisamehe, mama. Nilisahau kama nina ya pili."

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu msibani, na kicheko kilitoka kikiwa na kutu.

Tukafunga golori. Mimi nilishika stopwochi, kazi ambayo siku zile ilikuwa ya mdogo wangu. Simu akavuta golori kando, akanitazama kuona kama niko tayari, akaiachia.

"Sifuri!" akasema. Golori ikaenda, ikarudi. "Moja!"

Nikabonyeza saa ikasimama.

"Umesemaje pale mwanzo?"

"Nimesema sifuri. Nimekosea?"

"Kwa nini sifuri?"

"Mama, abiria akipanda, mita inaanza na nini? Hujamfikisha popote bado. Ukimwandikia moja na gari halijasogea, si atakushusha wewe?"

Niliweka saa mezani.

Baba yetu alikuwa mpagazi wa magunia. Mimi na mdogo wangu tulijifunzia kuhesabu ghalani, tumekaa juu ya mizani iliyoharibika, tukimhesabia. Gunia la kwanza likitua begani, tunapaza sauti: moja! Sifuri hatukuwahi kuisikia pale, kwa sababu bega tupu halilipwi na halina haja ya kutajwa. Siku ile tulipokosea niliachia golori, na papo hapo, kabla haijaenda wala kurudi, tukasema "moja" kwa pamoja kama watoto wale wa juu ya mizani. Mwingine yeyote angeshtuka. Lakini sisi tulikuwa na sikio moja. Tulipofika ishirini, golori ilikuwa imekwenda na kurudi mara kumi na tisa tu.

Nikafungua daftari kwenye ukurasa wetu wa zamani. Mwandiko wake umelala upande mmoja kama mtu anayeegemea ukuta. Sekunde thelathini na nane nukta moja. Hizo sikuzigusa. Nikazigawanya kwa kumi na tisa, nikaingiza kwenye fomula, nikarudia kwa sababu macho yalikuwa yameloa. Tisa nukta nane.

Mkono wake haukuwa umekosea. Saa aliibonyeza pale pale ilipopaswa. Kilichopotea ni ule mwanzo ambao hatukufundishwa kuuhesabu.

Nikageuka kulia kumwambia.

Kiti kilikuwa kitupu. Hapo ndipo nililia, mbele ya watu wote, na Simu akageukia uzi akajifanya anakagua fundo.

Mwalimu akaja. Nikamweleza golori, magunia, kila kitu, maneno yakigongana. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kikokotoo akairudia mwenyewe hesabu yangu. Kisha akakaa kwenye kiti kile cha kulia.

"Ni sahihi," alisema. "Hilo ndilo kosa lenyewe."

"Sasa mwalimu, ukurasa huu utahesabiwa?"

Alirudisha kikokotoo mezani. "Hapana, mama. Alama zenu ni za vipimo vya leo, wewe na Simu. Hii ni kazi nzuri, lakini sina mahali pa kuiandika. Jina lake…" Hakumalizia. Nikaona kwamba hata yeye orodha ile ilikuwa imemkwaza.

"Nimeelewa," nikasema. Na nilielewa, ingawa iliuma. Sheria isiyomhurumia mtu wangu ndiyo ile ile isiyompendelea mtu wa mwingine.

"Lakini sijasema ukurasa utoke kwenye daftari," akaongeza. "Sheria yake ilisemaje?"

Nilichukua rula. Katika vipimo vya ukurasa ule wote, namba moja tu ndiyo iliyostahili kusahihishwa, ile ishirini. Nikapiga mstari mmoja juu yake. Wino wake ulikuwa wa buluu, wangu mweusi. Ishirini ikabaki inasomeka. Kando yake nikaandika kumi na tisa, na chini nikaeleza kosa kwa maneno yangu, kwamba ni la watu wawili na lilitoka kwa baba. Wifi nitampelekea ukurasa huu kozi ikiisha, ukiwa mzima.

Kisha mimi na Simu tukafanya kazi yetu. Sifuri, akasema, nami nikawasha saa. Tulipata jibu zuri. Sikulifurahia, lakini nililiandika kwa wino.

Kabla hatujatawanyika, mwalimu alisimama mbele, karatasi ya zamani ya sheria mkononi.

"Kuna sheria moja haina mwenyewe sasa," alisema. "Siwezi kuiacha hivyo mpaka mwisho wa muhula. Nani ataichukua?"

Watu waliangalia meza zao. Hawakukataa, waliona haya kukalia kiti cha marehemu. Simu alinigusa kwa kiwiko, akakiondoa haraka kana kwamba hakufanya kitu.

Nikasimama. Niliomba moyoni, maneno mafupi: Mungu wangu, nipe sauti. Mwalimu akaninyooshea karatasi, lakini sikuihitaji. Nikaisema yote kwa kichwa, na nilipofika mwisho nilijua kwamba pale yeye aliweka utani, na mimi sina utani wa kuweka.

"Naahidi," nikasema, "mbele ya Mungu na mbele yenu nyote. Sheria ya mdogo wangu ni yangu. Sitafuta. Nikikosea nitapiga mstari mmoja, na kilicho chini kitasomeka. Na maabara sitakosa tena. Kozi hii nitaimaliza."