Mchanga Mbele ya Kalvati

Wewe unajua, usijitie hamnazo. Umepita juu ya lile kalvati mara nyingi, umekaa kwenye gari, kioo umekipandisha, ukaona kwa pembe ya jicho vichwa vya watu vikizama chini ya barabara kuu upande huu na kuibuka upande wa pili, wengine juu ya baiskeli. Ukageukia redio. Macho hayana pazia, lakini ya kwako umeyashonea. Na njia ya mbio na baiskeli ilipozinduliwa kule penye bustani, ulikwenda, ukapiga picha, ukasema mji wetu sasa umekuwa mji. Hukuuliza unapoishia mji huo. Sisi wenye kumbukumbu tuliuliza. Tuliuliza walipoweka kivuko mbele ya benki wakaiacha shule, tuliuliza walipopanda miti upande mmoja tu wa mfereji, tukaambiwa tuwe na subira. Subira huvuta heri, ndiyo, lakini ya kwetu imevuta mpaka kamba imekatika. Basi kaa, usikilize habari ya mwanamke mmoja dereva wa rola. Na yeye alikuwa hawaoni watu hao. Lakini yeye, kukuzidi wewe, alikuwa na udhuru.

Kazini walimwita Shindilia, kwa kuwa ndiyo kazi ya rola lake: kushindilia udongo na lami mpaka vikubali kuwa barabara. Rola lenyewe lilikuwa zee, rangi ya njano imebabuka, na likiwaka hukohoa kwanza kama babu anayetaka kutoa hotuba. Shindilia alilipenda. Zaidi alipenda kile linachokiacha nyuma. Kipande cha zamani cha njia, kile kinachofuata mfereji mkuu kutoka bustanini, walikuwa wamekipanua, wakakitia lami mpya, mstari mweupe katikati, wakimbiaji huku, baiskeli kule, na taa fupi zinazomfika mtu kiunoni. Kila walipomaliza hatua, Shindilia alishuka, akaweka kiganja juu ya lami ingali na uvuguvugu, kama mama anayepima homa ya mtoto. Hakuwahi kumweleza mtu kwa nini. Ardhi ile juzi ilikuwa matope na chupa, na leo mtu mzima anakimbia juu yake akiwa amefumba macho kwa raha. Hilo lilimshangaza kila siku, na hakulizoea.

Njia ilikuwa imefika kwenye barabara kuu. Pale, chini ya magari, ndipo lilipo kalvati: pana kama sebule, maji ya mfereji upande mmoja na ukingo wa zege upande mwingine. Ng'ambo yake ndiko wanakokaa wanaosafisha, wanaopika, wanaochomelea, wanaofua nguo za mji huu. Ramani ya kwanza ilipitisha njia ndani ya kalvati mpaka ng'ambo. Ramani ya pili iliikatisha pale pale na kuchora ukuta. Katikati ya ramani hizo mbili ilikaa kamati, na kamati ilitaka kujua jambo moja tu: kuna mtu anayepita humo?

Mwenye kutafuta jibu alikuwa Injinia, kijana mrefu mwenye haraka, aliyekuja kazini kwa baiskeli yake mwenyewe, na hilo tumpe. Mashine ya kuhesabia watu ilikuwa moja, na ilifungwa bustanini. Akafikiri, akapata akili nzuri. Akamwambia nyapara, huku mguu mmoja uko tayari kwenye pedali, "Mzee, mwageni mchanga laini mbele ya kalvati, upana wote. Msawazishe vizuri. Nitakuwa napita kila asubuhi kuutazama." Akaondoka. Ya nini, hakusema. Aliona ni wazi kama mchana.

Sasa muulize fundi yeyote wa kupanga vitofali vya njia, mchanga laini uliosawazishwa ni nini. Atakujibu bila kugeuka: ni kitanda. Juu yake vitofali vitalazwa. Na kitanda hakikanyagwi. Ukikikanyaga, kitofali kitainama kama jino bovu, na mvua ya kwanza itakuumbua. Mafundi hawa wamekulia katika sheria hiyo kama wengine walivyokulia katika dini.

Katika kikosi kulikuwa na bwana mmoja waliyemwita Kioo, kwa sababu akisawazisha sehemu unaweza kujitazama na kunyolea ndevu. Kila alfajiri ikishapambazuka, kikosi kilipofika, Kioo aliukuta mchanga umevurugwa hovyo. Akaguna, akashika ubao wake mrefu, akaukokota taratibu akirudi kinyumenyume mpaka pakawa shwari.

"Washenzi gani hawa wanalala juu ya kitanda cha watu," alilalamika.

"Punguza maneno, kaka, ongeza ubao," Shindilia alimwambia. "Mkubwa asikute aibu."

Na alisema hivyo wiki nzima. Injinia alipita saa za chai, akatazama mchanga laini kama uso wa maziwa, akatikisa kichwa, akaandika, akaenda. Kioo alidhani kichwa kile kinatikiswa kwa kumsifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa na mawazo yake mwenyewe, akazidisha usafi.

Siku ya mwisho Injinia aliwakusanya. Uso ulikuwa umemshuka.

"Basi," alisema. "Nilitamani sana njia ivuke. Lakini siwezi kudanganya. Wiki nzima hakuna hata unyayo mmoja. Matofali ya ukuta yanaletwa kesho."

Kioo akacheka kwa fahari. "Unyayo? Mkubwa, hapa hata wa kunguru huukuti. Mimi nipo."

Injinia akamtazama. Akamtazama nyapara. Nyapara akatazama viatu vyake.

"Kwani," Injinia aliuliza polepole, "ulikuwa unafanya nini kila asubuhi?"

"Si kusawazisha kitanda?"

"Kitanda cha nini?"

"Cha vitofali."

"Vitofali gani, kaka yangu? Hapa hakuna vitofali. Nilikuwa natafuta alama za watu."

Hakuna aliyecheka. Ubao wa Kioo ulimponyoka mkononi ukaanguka juu ya mchanga, na hiyo ikawa alama ya kwanza aliyoiacha bila kuifuta.

"Kosa ni langu," Injinia alisema. "Sikuwaeleza. Lakini taarifa imeshafika kwa kamati. Kesho msiuguse. Nitakuja mapema. Sina matumaini makubwa, ila nitakuja."

Shindilia alirudi nyumbani, ng'ambo, juu ya lori la kikosi kama kila siku, akilichukulia kama kichekesho cha kumpelekea mumewe. Mume alikuwa amekaa pale pale anapokaa siku zote, kwenye kiti kando ya dirisha, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Mguu ule ulivunjika juu ya barabara kuu, alipokuwa akienda kazini kwa baiskeli na lori likamsukumia pembeni kama takataka. Haukuunga sawa. Yeye aliuita mpangaji: haulipi, hauhami.

"Kwa hiyo mmefagia ushahidi," alisema, akicheka mpaka kigoda kikatikisika. "Wakili wa mwizi asingefanya vizuri zaidi yenu."

"Cheka tu, mzee. Ukuta unajengwa."

"Ukuta wapi?" aliuliza binti yao. Alikuwa mlangoni, ametoka zamu ya kufua mashuka hospitalini, mikono bado imekunjamana kwa maji.

"Pale kalvatini."

Binti aliweka begi chini.

"Vipi wewe?"

"Mama, nikikwambia napita njia ya nyuma, ulidhani nyuma ya wapi?"

Shindilia alimtazama. Miaka yote msichana alitoka kungali giza, mnyororo wa baiskeli ukilia uani, na mama akageukia ukuta akalala tena, kwa kuwa ameambiwa ni njia ya nyuma, na njia ya nyuma haina malori.

"Ni nyinyi mnaotutandikia ule mchanga?" binti aliendelea. "Sisi tulishangaa. Kila siku tunaukuta mpya. Kuna mama mmoja husema, tazameni, leo tena tumetandikiwa kama maharusi."

"Na kikijengwa hicho kiukuta," baba aliuliza, sasa hacheki, "utapita wapi?"

Binti aliutazama ule mguu juu ya kigoda. Aliujibu mguu, hakumjibu mtu. "Juu," alisema.

Asubuhi iliyofuata Shindilia alitoka kabla ya binti yake. Alivuka barabara kwa juu, akafika kazini peke yake, akapanda rola lake bila kuliwasha, akakaa. Mbele yake mdomo wa kalvati ulikuwa mweusi tii. Juu, malori yalikuwa yameanza.

Kwanza alisikia. Ndani ya zege ile sauti haitoki ovyo, inakusanyika. Ilikuwa kama mvua inayokuja kutoka mbali juu ya mabati, kumbe ni minyororo ya baiskeli, mingi, inazunguka pamoja. Kisha vitaa, kimoja, kingine, kisha mstari mzima unaoyumba, kama mtu amekata kipande cha mbingu akakivuta kwa uzi chini ya barabara. Kisha wakatoka.

Hakuwa amejiandaa. Alizoea kuona njia, hakuwa amezoea kuona zinakotoka. Walitoka wapishi na aproni zimekunjwa kwenye vikapu. Akatoka mchomeleaji, miwani yake ya kazi juu ya paji la uso. Wakatoka wanaokimbia, si kwa afya, kwa kuchelewa, viatu vya ofisini vimefungwa shingoni, nyayo tupu zikipiga zege kwa mpigo mmoja. Mwanaume mmoja alimsukuma mwenzake kwenye kiti cha magurudumu, na mwenye kiti alishika taa akiwamulikia wote, akisema, "Kuna jiwe kushoto. Dimbwi. Kushoto tena." Hakukuwa na kusukumana. Aliyefika penye wembamba alisubiri, aliyevuka aligeuka kumpa mkono aliye nyuma yake. Watu hawa walikuwa wamejenga njia bila kijiko kimoja cha lami. Ilikuwa na sheria zake, adabu zake, walinzi wake, na ilifanya kazi kila siku wakati mji mzima, pamoja na yeye, umelala.

Shindilia alijikuta ameshuka. Amevua kofia ya kazi, hajui lini.

Binti yake alitoka katikati ya kundi, ameinama juu ya usukani, miguu inazunguka kwa nguvu ambayo mama hakuwahi kuiona mezani wala jikoni. Alimwona. Hakusimama, maana nyuma kuna watu. Aliinua vidole tu kutoka kwenye breki, akapita. Mama yake alisimama pale mdomo wazi kama aliyeona tembo kwa mara ya kwanza, na tembo yule amemzaa mwenyewe.

Kukapambazuka. Mchanga ukaonekana. Matairi yalikuwa yamepishana na matairi, nyayo juu ya nyayo, mistari imeingiana, imefumana, mpaka pale mbele ya kalvati palikuwa mkeka mmoja mpana ambao fundi yeyote asingeweza kuufuma wala kuuwaza. Kioo alifika na ubao wake begani. Akasimama. Akauteremsha taratibu, kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo. "Na mimi nilikuwa naufuta huu?"

"Tulikuwa tunaufuta."

Injinia alifika, akalaza baiskeli majanini, akachuchumaa. Hakuharakisha kupiga picha. Aliweka vidole ndani ya alama moja ya tairi, akavitoa. Ndipo akapiga simu kwa kamati, wakamsikia wote waliokuwepo, maana alikuwa anapaza sauti bila kujua. Alieleza kosa. Alieleza mchanga. Kisha akasikiliza.

"Wanasema asubuhi moja si ushahidi," alisema alipokata. "Wanasema yawezekana tumewaita watu. Watakuja wenyewe, wasimame hapa, waone. Wakikuta watu wa kutosha, njia itavuka, na taa, na mteremko wa viti vya magurudumu ng'ambo. Wakikuta wachache, hayo hapo."

Alionyesha lori lililokuwa likishusha matofali.

"Wanakuja lini, Injinia, mwanangu?" Shindilia aliuliza.

"Kesho. Na wanataka kuona na watu wa upande huu wakiitumia. Wanasema njia ya watu wa ng'ambo peke yao haina faida kwa mji."

Shindilia alipanda rola, akaliwasha, likakohoa. Akaliendesha mpaka kwenye mtaro wa msingi wa ukuta ambao vibarua walikuwa wameanza kuuchimba, akaliegesha juu yake, akaacha upande nafasi ya baiskeli kupita, akazima. Nyapara alimwambia atafukuzwa. Alimjibu kwamba anaweza kufukuzwa akiwa ameketi, akaketi.

Rola moja litazuia matofali siku moja. Kamati halitaizuia. Kamati inataka kukuona wewe, wa upande huu, mwenye viatu vya mbio vilivyojaa vumbi chini ya kitanda na baiskeli inayoning'inia ukutani kama picha. Usiniambie utatuma ujumbe, usiniambie utatuombea dua. Jaza upepo matairi leo hii. Mwamshe na jirani. Kesho kabla hakujapambazuka uwe mdomoni mwa kalvati, uingie, uvuke mpaka ng'ambo, ugeuke, urudi pamoja nao wanaotoka huko.