Hema Lililokatwa kwa Hatua za Bibi

Karani wa lango alihesabu vichwa kwa ncha ya kalamu, akiiingiza dirishani mwa gari: baba, mama, bibi, msichana wa miaka saba, mvulana wa miaka minne. Watano. Akauliza kama wana hema au watakodi. Mama akasema wanalo, amelishona mwenyewe. Karani akagonga muhuri kwenye kibali chenye saa ya kuingia na saa ya kutoka, ambayo ilikuwa saa nne asubuhi ya kesho yake, akawasomea masharti: wasipige honi, wasiache takataka, na chochote watakachokikuta ndani ya hifadhi wasiking'oe wala kukivunja, maana kinalindwa.

"Na tukikutana na tembo barabarani?" baba akauliza. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili na hakuwahi kuiacha kanuni ipite bila kuiuliza swali.

"Mnampisha. Yeye ndiye mwenyeji."

Bibi, aliyekuwa kiti cha nyuma amebanwa kati ya wajukuu na ndoo ya vyombo, alitoa kicheko kidogo cha puani, kisha akamwambia mjukuu wa kiume amwondolee kiwiko mbavuni. "Mume wangu, utaniua kabla sijafika."

Mama alikuwa fundi wa maturubai. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa ameshona vifuniko vya malori na mahema ya sherehe, na hakuna aliyewahi kumrudishia kazi kwa kosa la kipimo. Hema hili ndilo pekee alilolikata bila futi. Jumapili aliyolikata, watoto walikuwa wameichukua wakampime paka, haikuonekana tena, naye hakutaka kungoja. Akapima kwa miguu, kisigino kwa kidole, akitumia kipimo alichokijua tangu utotoni.

Kipimo hicho kilitoka kwa Bibi. Kila walipohamia chumba kipya cha kupanga, Bibi alitua mzigo, akatembea kutoka ukuta hadi ukuta kisigino kwa kidole, kisha akatangaza: "Kimepungua hatua kumi na moja." Au kumi na nne. Hakuna aliyeuliza kimepungua kuliko nini. Bibi aliwahi kuwa na nyumba ambayo sebule yake ilikuwa hatua ishirini na mbili kwa kumi na nane. Ilikuwa humu humu ndani ya hifadhi, kabla haijaitwa hifadhi. Fundi alikuwa na miezi mitatu, yuko mgongoni, lilipokuja lori na bwana mmoja mwenye karatasi akawaambia watu wana muda hadi alasiri. Baada ya hapo nyumba zote zikabomolewa, pakawekwa lango.

Basi hema nalo likatoka hatua ishirini na mbili kwa kumi na nane. Mwalimu alipoliona limetandazwa alimuuliza mkewe kama wanakwenda kupiga kambi au kuoza binti.

Walipangiwa uwanja namba kumi na mbili. Bibi alishuka, akazunguka mara moja, akasema mlango uelekee kwenye kile kichuguu. Vigingi havikuhitaji nyundo. Kila kimoja kiliposhikizwa ardhini kiliteremka chenyewe hadi shingoni, kwenye shimo lililokuwepo tayari, kama mguu unavyoingia kwenye kiatu chake.

"Udongo wa huku ni laini," mwalimu akasema.

"Umezoea," Bibi akamjibu.

Saa kumi na moja jioni hema lilikuwa na fremu ya mlango. Upande wa mashariki turubai lilikuwa limekakamaa, na ukiligonga lilitoa sauti ya ukuta. Msichana alikuja mbio kwa mama yake, aliyekuwa akimenya viazi.

"Mama, hema limeota dirisha."

"Upande gani?"

"Huku waliko wale ngiri."

"Msilichezee. Bado bichi."

Kabla giza halijaingia kulikuwa na jiko la mawe matatu lililo vuguvugu, rafu ya vyombo, na ndoano ya kutundikia taa. Mvulana akataka choo. Bibi alimwelekeza bila kugeuka: nyuma ya nyumba, kulia. Kilikuwepo, nyuma ya nyumba, kulia. Kisha Bibi akavua ndala mlangoni, akaingia, akatembea kutoka ukuta hadi ukuta. Wote walimsubiri. "Imetimia," akasema, akatundika mtandio wake kwenye msumari ambao hakuutafuta.

Pundamilia waliokuwa wakija kula majani pale walifika ukingo wa uwanja wakakunja kona, kama watu wanaoona aibu kukatiza uani kwa mwenzao. Tembo mmoja alipita nyuma taratibu. Mwalimu alimpisha kwa mujibu wa masharti. Tembo naye alimpisha Bibi aliyekuwa anakwenda kumwaga maji. Familia ikala, ikajipanga sebuleni, ikalala vizuri.

Asubuhi, saa nne kasoro dakika ishirini, askari wa hifadhi alisimamisha pikipiki yake kwenye kichuguu. Alikuwa kijana mwenye sare iliyopigwa pasi na ubao wa kuandikia kwapani. Aliitazama nyumba, akatazama kibali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umeamka?"

"Nimeamka." Akamgeukia mama. "Dada, kibali chenu ni cha hema. Hili ni jengo la kudumu. Likiwa bado lipo saa nne, naita mtambo unakuja kulivunja. Ndiyo kazi yangu, msinielewe vibaya."

"Kwa hiyo saa nne kusiwe na hema langu hapa."

"Kusiwe na kitu."

"Mimi nimekuuliza hema."

Fundi alifunga kitambaa kichwani vizuri, akaanza kazi. Aling'oa vigingi kumi na viwili, akavipangusa, akavitia mfukoni mwa aproni. Kisha akapapasa ukuta wa mashariki hadi vidole vyake vikaukuta mshono, mahali ambapo ni yeye tu angejua kuna mshono, akavuta. Turubai likabanduka, likashuka chini lote. Nyumba ilibaki imesimama. Akakunja turubai mara nne, akaliingiza kwenye buti la gari.

"Hema limeondoka. Andika."

Askari akaandika.

"Na hii?" akauliza, akionyesha nyumba kwa kalamu.

"Hii hatukuja nayo. Gari letu lilikaguliwa langoni, muulize karani kama aliona nyumba. Tumeikuta. Na tulichokikuta ndani ya hifadhi, tuliambiwa hakivunjwi."

Mwalimu akatoa ile karatasi ya masharti, akaisoma kwa sauti anayowasomea watoto wa darasa la pili, akirudia neno kinalindwa mara mbili ili lieleweke. Askari aliisoma mwenyewe. Akaigeuza, nyuma hakukuwa na kitu.

"Sawa," akasema. "Nyumba inabaki. Lakini bibi anatoka."

Hapo watoto waliacha kuchezea pikipiki yake. Bibi alikuwa amekaa kizingitini, miguu imenyooka mbele, kama mtu aliyemaliza kazi za asubuhi.

"Sitoki," akasema.

"Bibi yangu, wageni wote mwisho ni saa nne."

"Mimi siyo mgeni. Huyu fundi nilimzalia chumba hicho hapo nyuma."

"Wewe ni mtumishi wa hifadhi?"

"Mungu aniepushe."

Askari alimwonyesha ubao wake. Fomu ilikuwa na sehemu tatu: wageni, watumishi, wanyama. "Sasa mimi nikuandike wapi? Nisaidie na mimi."

"Wale pundamilia umewaandika wapi?"

"Kwenye wanyama."

"Na wao wanatoka saa ngapi?"

"Wao hawatoki. Wao ni wa hapa."

"Basi niandike huko."

Askari akaita ofisini kwa redio. Alieleza mambo kwa mpangilio, nyumba kwanza, bibi baadaye. Ofisi ikamwambia asubiri. Ofisi ikarudi.

"Wanauliza kama ni mkali."

"Sana," mama akajibu.

Akajaza mstari mmoja. Jinsia: jike. Idadi: mmoja. Afya: njema. Tabia: mkali. Kwenye umri aliandika mtu mzima, akasita, akakata neno mtu.

Mwalimu alijikohoza. "Mama, kwa heshima zote, hili ni tusi."

"Ni tusi, mwanangu," Bibi akasema. "Wala siyo jipya. Walishatutukana siku ile ya lori, tena bila kuandika. Nenda uwahi saa nne, usije ukazidishiwa malipo."

Walimkumbatia mmoja mmoja. Langoni karani alihesabu vichwa, akapata vinne, akatazama karatasi yake iliyosema vitano. Alipiga simu, akasikiliza, akasema aa, kumbe ameshaingizwa, akainua kizuizi.

Mwezi uliofuata ofisi ilisimamisha kibao kipya kwenye njia ya kwenda uwanja namba kumi na mbili, chenye picha ya tembo, ya simba na ya mwanamke mzee mwenye ufagio. Chini yake kuliandikwa kwamba wageni hawaruhusiwi kushuka kwenye magari. Magari yalikuwa yanapanga mstari. Watu walitoa darubini madirishani na kunong'ona, wengine wakilalamika kwamba wamekaa saa nzima naye amewapa mgongo tu.

Karakana ya fundi nayo ilipata wateja wa namna nyingine: wazee ambao hawakuwahi kununua turubai maishani mwao. Hawakutaja mita wala futi. Walifika, wakaomba nafasi kati ya mashine mbili, wakatembea kisigino kwa kidole, na yeye akawa anaandika ukutani kwa chaki.

Alipokwenda kumwona mama yake mara ya tatu, askari yule yule alimfuata kwa pikipiki, akasimama ubavuni mwa gari.

"Dada, kibao umekiona."

"Nimekiona."

"Hairuhusiwi kushuka."

"Nimesoma."

Askari akatoa kitabu cha faini akaanza kuandika namba ya gari, kama alivyoiandika mara mbili zilizopita. Fundi alimsubiri amalize, akamtajia tarakimu ya mwisho aliyoiruka, kisha akafungua mlango, akashuka, akazunguka upande wa pili akawafungulia watoto.