Nyayo Ishirini na Sita

Kwanza ilisikika kalamu. Nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba ilikwaruza karatasi mara moja, ikatulia, kisha ikakwaruza tena kwa nguvu zaidi, kama mtu anayehakikisha kwamba alichokifuta hakitasomeka tena. Kiti kikasukumwa. Sauti ya Katibu wa klabu ikasema, "Basi, yamekwisha."

Upande huu wa ukuta, katika chumba cha kubadilishia nguo, Kona alikuwa amekaa kwenye benchi, mguu mmoja ndani ya ndoo. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeng'oka asubuhi ile kwenye mchujo, na maji ya chumvi yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya rangi. Hakuona kilichofutwa. Lakini mtu aliyesimama getini miaka saba akingoja kuitwa hahitaji kuona.

Walimwita Kona kwa sababu hapakuwa na mwanamke klabuni aliyeweza kukimbia kona ya uwanja kama yeye. Wengine wakifika kwenye kona hupanuka kama gari lililokatika usukani. Yeye alibana mstari wa ndani, bega chini, akatoka upande wa pili na kasi ileile aliyoingia nayo. Klabu ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Jioni alikimbia kwa jina la kiwanda, mchana alibeba majora ya vitambaa kwa kibarua cha siku, na alfajiri alisimama getini pamoja na wenzake mia mbili, wakimwangalia mnyapara akinyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Siku kidole kilipomruka, alirudi nyumbani kwa shangazi yake na kwa binti yake wa miaka sita, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Mwaka huu uongozi ulibandika tangazo. Timu ya wanawake ya kupokezana vijiti ikishika nafasi ya kwanza au ya pili katika mashindano ya viwanda, wakimbiaji wanne watakaokimbia fainali wataajiriwa moja kwa moja. Kona alilisoma mpaka akajua nukta zake ziko wapi. Na asubuhi ile walikuwa wameshinda mchujo wao, wakiwaacha wa pili mbali kabisa. Fainali ilikuwa saa kumi.

Kocha aliingia bila kubisha. Alikuwa mtu mzima, fundi wa karakana ya kiwanda, mpole hadi kero. Hakumtazama Kona usoni, aliitazama ndoo.

"Hicho kidole kibaya, mwanangu."

"Asubuhi nimekimbia nacho."

"Katibu ameonelea upumzike."

Kona akatoa mguu majini polepole. Akauliza nani anaingia mahali pake, ingawa jibu alilijua. Kocha akasema ni mpwa wa Katibu. Binti yule alikuwa amemaliza chuo miezi miwili iliyopita, akaandikishwa kama mchezaji wa akiba, na mazoezini alionekana mara nne. Hakuwa na ubaya. Alisalimia watu wote, hata wafagiaji. Ila kukimbia kwake kulikuwa kwa mtu anayewahi duka kabla halijafungwa.

"Na wewe, Kocha, hukusema kitu?"

"Nilisema. Akaniuliza nimebakiza miaka mingapi kustaafu."

Hapo mlango ukafunguliwa tena. Katibu aliingia na mpwa wake nyuma, amevaa fulana ya timu yenye mikunjo ya pasi. Katibu ndiye pia aliyekuwa mkuu wa utumishi kiwandani. Mnyapara wa getini alipokea amri kwake. Alinyoosha mkono kuutaka ukanda wenye kitambulisho cha kuingilia uwanjani, ulioning'inia shingoni mwa Kona.

"Usiweke kinyongo, dada. Timu ni familia."

"Familia ya nani, mzee?"

Katibu akacheka, meno yote nje. "Ulimi huo ndio unaokuchelewesha getini." Akamvua ukanda mwenyewe, akamvika mpwa wake. "Sasa mpe hesabu."

Hesabu ilikuwa roho ya mbio zile. Anayepokea kijiti hageuki nyuma. Kabla ya mbio huhesabu nyayo kwa miguu yake, kisigino kikigusa kidole, kurudi nyuma kutoka pale atakaposimama, na hapo hubandika kipande cha plasta ardhini. Anayemletea kijiti akikanyaga plasta, yeye huondoka kwa kasi yote, na akisikia "Shika!" hutupa mkono nyuma bila kuangalia. Plasta ikiwa mbali, anamkimbia mwenzake. Ikiwa karibu, mwenzake anamparamia mgongoni. Kila jozi ina hesabu yake, na Kona alikuwa ameitafuta yake kwa miezi minane pamoja na Pilipili, mkimbiaji wa pili, binti wa miaka ishirini aliyekuwa akimwita dada.

Kona alimtazama mpwa. Neno moja tu lingetosha. Angesema ishirini, kwa sauti ya upole, na hakuna hakimu duniani ambaye angemkamata. Neno lilifika hadi kwenye meno. Kisha akamkumbuka Pilipili, aliyezika mama yake mwaka jana na kubaki na wadogo wawili wa kiume wanaokula kama moto wa makapi. Ajira ile ilikuwa ya Pilipili pia.

"Ishirini na sita," akasema. "Lakini kwa mguu wangu."

Miguu ya Kona ilikuwa mikubwa. Kule kwenye majora walimtania kwamba kiatu chake kikiwekwa dirisha kitapata mpangaji. Miguu ya mpwa ilikuwa midogo kama ya mwanafunzi. Kona akaomba dakika tano tu akampimie mwenyewe.

"Kitambulisho huna, utaingiaje?" Katibu alitazama saa. "Ishirini na sita ni ishirini na sita. Hesabu haina mguu."

"Kocha, basi muongezee nne. Tano hata. Na kuondoka kwake ni kwa taratibu."

"Mimi naondoka vizuri tu, dada," mpwa akasema, akainamisha macho.

Kocha akasema ataliangalia. Wakatoka.

Saa kumi kasoro, Kona alikuwa ameshika waya wa uzio, ndala miguuni, mkabala na mahali ambapo Pilipili angemkabidhi kijiti mkimbiaji wa tatu. Kipaza sauti kilikuwa kikimsifu mgeni rasmi, mkurugenzi wa kiwanda, kwa mapenzi yake kwa vijana. Mpwa alianza kuhesabu. Viatu vyake vidogo vyenye misumari vilimeta: moja, mbili, tatu. Alipofika ishirini na sita aliinama, akabandika plasta, akaipigapiga kwa kiganja kama anayembembeleza mtoto.

Ilikuwa karibu mno. Kona alipima kwa jicho. Ilipungua hatua nzima ya mtu mzima, na kwa uzito wa kuondoka wa yule binti zilihitajika mbili.

"Rudisha nyuma!" akapaza sauti. "Plasta! Irudishe nyuma!"

Mpwa akasikia. Akageuka, akasita, mguu mmoja tayari umeelekea kwenye plasta. Lakini Katibu, aliyekuwa amesimama kwenye majani karibu naye, alimtikisia kidole na kumwambia kitu, na midomo yake ilisomeka hata kutoka kwenye uzio: usimsikilize, ana wivu. Mpwa akarudi mahali pake. Kocha alikuwa palepale. Aliitazama plasta, akafungua mdomo, akaufunga.

"Mama, toka kwenye waya," mlinzi akasema, kirungu kwapani.

Kona akamsihi amfikishie yule binti ujumbe, neno moja tu.

"Mimi nalinda waya, dada. Silindi mbio."

Bastola ikalia.

Mkimbiaji wa kwanza alitoka kama aliyefukuzwa, akafika kwa Pilipili akiwa wa pili, na Pilipili alikipokea kijiti akawa wa kwanza. Alikuja kwenye mstari ulionyooka, kichwa hakitikisiki, mikono inakata upepo, na jukwaa lote la kiwanda likasimama. Na hapo, vidole vikiwa vimekaza waya, Kona alihisi kitu kikipanda kifuani ambacho hakukialika. Alitaka kianguke. Alitaka kijiti kile kianguke mbele ya mkurugenzi na mke wa mkurugenzi, kiviringike, kila mtu akione.

Pilipili alikanyaga plasta. Mpwa alisimama kufumba na kufumbua, ndipo akaondoka. Hatua tatu, nne, Pilipili alikuwa tayari yu juu yake, akipiga kelele "Shika! Shika!" na mkono wa kupokea haujanyooka. Kifua kikakutana na mgongo. Miguu ikafungamana. Wote wawili wakaenda chini, na kijiti kikaviringika mpaka njia ya wapinzani, wakakiruka, wakapita.

Kona aliachia waya. Viganja vyake vilikuwa vimechorwa miraba myekundu.

Nusu saa baadaye aliitwa ofisini. Mkurugenzi alikuwa ameondoka kwa hasira na kuacha swali, na Katibu alikuwa na jibu lililokwisha kupigwa chapa. Mpwa alikaa pembeni, goti limefungwa bandeji, akilia kimya. Katibu akamuuliza aliambiwa nyayo ngapi.

"Ishirini na sita. Lakini dada alisema kwa mguu—"

"Jibu ulichoulizwa."

"Ishirini na sita."

Kocha naye akaulizwa. Alizungusha kofia yake mapajani mara mbili. Akasema ni kweli, alisikia ishirini na sita.

Katibu akaisukuma mezani karatasi ya kukiri kosa na kueleza kwa utulivu, kama anayeeleza zamu za kazi. Hapo palikuwa na mambo mawili. Timu ikiwa imeshindwa, imeshindwa, na hakuna atakayeajiriwa. Lakini ikiwa imehujumiwa na mwenzao mwenye kinyongo, na mwenzao huyo amekiri kwa maandishi, basi mkurugenzi alikwisha kukubali kwamba wale wanne hawana kosa, na ajira zao ziko palepale. Aliyekiri hatakanyaga tena getini. Mwisho wa kusaini ulikuwa kesho saa sita mchana.

Kona aliichukua karatasi, akatoka.

Pilipili alikuwa ngazini, kiwiko kimechunika hadi kwenye nyama, mkono umefungwa kwa mtandio. Alikuwa amesikia yote. Mbao zile hazifichi kitu.

"Dada, mimi nakujua. Najua ulimwambia ukweli."

"Basi ingia ukamwambie."

Pilipili hakuingia. Alianza kusema habari za wadogo zake, akazikatiza mwenyewe. "Sikuombi kitu," akasema. Lakini hakuondoka pale ngazini.

Kona akaketi kando yake. Kidole gumba kilikuwa kinapiga kama moyo wa pili.

"Ulipokaribia," akasema, "niliomba kianguke."

"Hata mimi ningeomba."

 Nyuma yao, kwenye dirisha la ofisi, mpiga picha wa kiwanda alikuwa amefika na kamera yake. Alimwambia mpwa afute machozi, ainue kidevu kidogo, asitabasamu, maana picha za vitambulisho vya wafanyakazi wa kudumu hazitaki tabasamu. Mwanga ukawaka mara moja. Kisha akatoa kichwa dirishani, akauliza ni nani kati yao anayeitwa Pilipili, aje naye apigwe.

Pilipili alimtazama Kona, hakusimama.

"Nenda," Kona akamwambia. "Jifute vumbi usoni kwanza. Kesho ofisi ikifunguliwa, mimi nitakuwa mtu wa kwanza mlangoni. Nitasaini, mdogo wangu. Nakuahidi."