Maji ya Uzima ya Onyuka

Kwa miaka miwili mizima Onyuka alikuwa mtu wa kuogopwa pale mpakani Busia, na kilichowatia watu hofu kilikuwa kadi moja ya chingamu. Usicheke mapema. Mambo ya kucheka yako mbele, tena ni mengi.

Chingamu yenyewe ilianza kuvuka kutoka Uganda mwaka wa tisini na tano. Ndani ya kila karatasi mlikuwa na kadi ya mchezo, na kadi zilikuwa za aina mbili. Kulikuwa na mashujaa: chui, mamba, tai na wenzao. Hao walipigana, wakaanguka, na mchezo uliofuata wakasimama tena kana kwamba hakuna lililotokea. Halafu kulikuwa na kadi za vifaa: ngao, kamba, dawa ya jeraha. Kifaa kilitumika mara moja tu. Kikishatumika, maagizo yalisema, mchezaji achane kadi aitupe.

Mchezo ulikusudiwa watoto. Lakini watoto walikuwa na masomo, na waliokuwa na muda ni maajenti wa kutoa mizigo forodhani, watu wazima wenye tai shingoni na vitambi. Foleni ya malori ikishafika hadi nje ya mji na karatasi hazijarudi kutoka Nairobi, ajenti atafanya nini? Alikula chingamu, akatafuta mwenzake, wakatandika kadi juu ya rejista.

Shida ilikuwa kuchana. Watoto wa ng'ambo ya mpaka walichana bila wasiwasi, lakini ajenti amefundishwa kazi kwa kuambiwa kwamba karatasi ikichanika lori linalala mpakani mwezi mzima. Mkono ulikataa. Kwa hiyo wakakubaliana kufanya walichojua: kadi ya kifaa ikishatumika inagongwa muhuri, kisha inawekwa kwenye faili. Mambo yakaenda vizuri mpaka Nicholas, aliyependa ubishi kuliko chakula, alipodai kwamba kadi yake bado ni hai kwa sababu iligongwa muhuri wa ofisi nyingine. Mkutano ukaitwa. Ikaandikwa kwamba kadi ya kifaa yenye muhuri wowote, wa ofisi yoyote, mbele au nyuma, imekufa. Aliyeandika maneno hayo na kutia sahihi kama katibu alikuwa Onyuka mwenyewe, na aliyapigia mstari.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu asubuhi, dereva wa lori aitwaye Ogendo aliingia ofisini kwa Onyuka. Walikuwa marafiki. Juu ya rundo la karatasi za mizigo Ogendo akaweka kadi, imelala kifudifudi, akasema amemletea zawadi kutoka Kampala. Ilikuwa Maji ya Uzima, kifaa ambacho watu walikuwa wakikisikia tu: kinamwamsha shujaa aliyeanguka na kumrudisha vitani na nguvu zake zote. Busia nzima hakuna aliyekuwa nayo.

Sasa, mkono wa kulia wa Onyuka ulikuwa umegonga mihuri miaka kumi na minne, na haukuwa na haja tena ya kumuuliza Onyuka. Kitu kikitua mezani, unagonga. Ukagonga. IMEPOKELEWA, tarehe 14 Oktoba 1996, wino wa buluu, katikati kabisa ya mgongo wa kadi.

Ogendo aliona. Akaapa hatamwambia mtu, hata mkewe, na aliitunza ahadi hiyo mpaka ugonjwa ulipomchukua Machi iliyofuata.

Mtu mwingine angekiri siku hiyo hiyo, akachekwa wiki moja, yakaisha. Onyuka alinunua kifuko cha plastiki kama cha kitambulisho, akaitia kadi humo uso ukiwa nje, na kule nyuma, juu ya muhuri, akaweka picha ya pasipoti ya mkewe Wilkista. Watu walimsifu. Walisema mwanamume anayetembea na picha ya mkewe mpaka kwenye mchezo wa kadi, huyo ni Mkristo kweli.

Basi akaanza kushinda. Hakuitumia kadi hata mara moja. Aliiegemeza tu kwenye kikombe chake cha chai. Mpinzani aliitazama, akapiga hesabu, akaona kwamba hata akimwangusha shujaa wa Onyuka ataamshwa, akakata tamaa. Wenzake walimtania kwamba ni bahili.

"Boss, hiyo maji si itaoza? Tumia hata kidogo!"

"Siku yake iko," Onyuka alijibu kwa sauti ya shemasi.

Uongo unaokupa heshima una utamu wake, na yeye alikuwa ameuzoea. Hakukumbuka tena kwamba anadanganya, ila siku Wilkista alipouliza mbona picha yake imechafuka wino.

Oktoba ya tisini na nane, maajenti wa Malaba, mpaka wa jirani, wakaleta barua ya kuwaalika Busia mechi ya wawili kwa wawili. Masharti ya Malaba yalikuwa makali: shujaa akianguka na asiamshwe, mchezo ukiisha ni mali ya mshindi, moja kwa moja. Busia wakamchagua Onyuka kwa sababu ya kadi yake, na Jentrix kwa sababu ya akili yake.

Jentrix alikuwa mjane wa Ogendo. Alikuwa na mashine ya fotokopi karibu na uwanja wa malori, na alicheza vizuri kuliko mwanamume yeyote aliyemletea karatasi. Shujaa wake mkuu aliitwa Kiboko wa Mto Sio. Ogendo alitafuna chingamu mwezi mzima kumtafuta, taya likavimba, akampata na kumletea mkewe akiwa amefunga kitambaa shavuni. Baada ya mazishi, ndugu zake walibeba kitanda, redio na baiskeli. Kiboko hawakumgusa.

"Walidhani ni takataka," Jentrix alipenda kusema. "Hiyo ndiyo urithi yangu yote."

Jumamosi kabla ya mechi alimwita Onyuka dukani kwake, akazima mashine ili wasikilizane.

"Shemeji, nimepata njia," alisema. "Kiboko akianguka, anaanguka na adui wawili. Hiyo ni nguvu yake. Kwa hivyo namtuma aende aanguke."

Onyuka akadhani hakusikia vizuri. "Aanguke?"

"Aanguke tu. Wawili wao wanaenda. Halafu wewe unatoa Maji ya Uzima, Kiboko anaamka, anamaliza wale wamebaki. Malaba watalia!"

"Lakini asipoamka..."

"Mbona asiamke na maji iko kwa mfuko yako?" Alicheka, akampiga begani. "Shem, uchoyo wako leo umepata kazi."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya kusema. Onyuka alifungua mdomo, akasema kwamba fotokopi siku hizi zinatoka nyeusi sana, akaondoka.

Mchana huo alijifungia ofisini na wembe na kifuniko kimoja cha Jiki, dawa ya kutoa madoa. Alijua watu wanavyoosha mihuri. Katika kazi ile nani hajui? Ila yeye hakuwahi kuifanya hata siku moja, na alijivunia hilo. Alikwangua kidogo, herufi moja ikapauka, akaweka wembe chini. Akajiona mwizi. Akarudisha kadi kwenye kifuko, na Wilkista juu yake.

Jumapili saa nane, watu wakiwa wametoka kanisani, walikutana Amagoro, karibu na Malaba, katika hoteli ya Mama Alupo, nyuma ya soko. Malaba waliwakilishwa na Boaz, ajenti mrefu mwenye maneno, na Apolot, mwanamke mtulivu wa kaunta ya bima, ambaye utulivu wake uliogopesha kuliko maneno ya Boaz. Chai ikaja. Onyuka akaegemeza kifuko kwenye kikombe kama kawaida, na Boaz akakitazama kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani.

"Dada Apolot, pole pole," akanong'ona. "Huyu mzee ako na ile kitu."

Saa nzima walikwenda sawa. Kila Boaz alipotaka kushambulia, alikitupia kifuko jicho, akarudi nyuma. Onyuka akaanza kuomba kimoyomoyo kwamba hofu hiyo itoshe, kwamba Jentrix abadili mawazo. Alimkanyaga mguu chini ya meza. Jentrix akadhani ni ishara ya kuanza.

Akamchomoa Kiboko.

Sharti lingine lilikuwa sawa Busia na Malaba, kama lile la muhuri: kadi ikigusa meza hairudi mkononi. Onyuka alimwona Kiboko akishuka, kona zake zimekunjika kwa kushikwashikwa, na akajua kwamba akinyamaza kidogo tu, kadi ile italala usiku huo Malaba, katika mfuko wa Boaz. Akamshika Jentrix mkono. Jumapili, mbele ya watu, mkono wa mjane. Mama Alupo akaacha kumimina chai.

"Usiweke," alisema.

"Shemeji, niachilie. Si uko na maji?"

"Sina."

"Aje huna na iko hapo?"

Onyuka alichukua kifuko. Akamtoa Wilkista, akamweka kando kwa heshima, akatoa kadi na kuigeuza mezani. Masikio yake yalikuwa moto. Apolot ndiye aliyeinama akasoma, polepole, kwa sauti ya kaunta.

"Imepokelewa. Tarehe kumi na nne Oktoba, tisini na sita." Akainua macho. "Hii ni muhuri ya nani?"

"Yangu."

"Na hiyo kadi ulipata lini?"

"Siku hiyo."

Kisha Boaz akaruka mpaka benchi ikaanguka.

"Pasaka nilijitoa! Nilijitoa kwa mchezo juu ya hii kitu, na nilikuwa naongoza! Maiti! Nimeogopa maiti miaka mbili!"

Hoteli nzima ikacheka. Mama Alupo alijifuta macho kwa aproni. Apolot mtulivu alilaza kichwa mezani, mabega yakimtikisika. Mtu wa kuogopwa alikuwa amekwisha pale pale, na kufikia jioni kila lori lililovuka lingekuwa na habari. Onyuka alikaa akiwa amekunja mikono, akachekwa mpaka walipochoka.

Jentrix hakucheka. Alimrudisha Kiboko katika kitambaa chake, akacheza na waliobaki. Bila hofu ya kumzuia, Boaz alimaliza kazi kwa dakika kumi. Mamba na tai wa Onyuka wakaenda Malaba, na hakuna aliyempa pole.

Walitembea hadi steji wakiwa wameachana hatua mbili, wakakaa kwenye gogo kusubiri gari la Busia. Onyuka alingoja atukanwe. Alikuwa ameshajitayarisha kusema ndiyo kwa kila tusi.

"Ogendo alikuwa ametoka Kampala hiyo Jumatatu," Jentrix alisema mwishowe.

"Eeh."

"Ni yeye alikupea?"

"Ni yeye."

"Na aliona ukigonga?"

"Aliona. Alikuwa amesimama hapo mbele yangu."

Jentrix akageuka akamtazama vizuri. "Akafanya nini?"

Onyuka alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, hilo halikuwamo. Ikabidi afikirie. "Kwanza hakutoa sauti. Mabega tu yanacheka. Halafu akashika mlango. Mlango ukamshinda, akarudi akakaa juu ya mizani ya kupima marobota, mshale ukaenda mpaka themanini na moja. Machozi yanamtoka. Akanyoosha mkono hivi, akaniambia, 'Nigonge na mimi basi, nivuke bure.'"

"Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Halafu akaomba maji ya kunywa, akayamwaga juu ya sweta."

"Sweta gani?"

"Ya kijani. Imetoboka hapa kwa kiwiko."

"Nilimshonea hicho kiwiko Jumatano," Jentrix alisema. Alianza kucheka, na kicheko kilipofika katikati kikageuka kuwa kilio, naye akaviacha vyote viwili vitoke pamoja. Onyuka alitazama barabara. Aliona aibu kubwa kuliko ile ya hotelini, kwa sababu ile ilikuwa ya kadi tu.

"Mwaka moja na miezi saba," Jentrix alisema akipenga pua. "Watu wananiambia pole, wananiambia alikuwa mtu mzuri. Hizo zote nazijua. Hakuna mtu amewahi kuniletea kitu ya Ogendo yenye sikuwa nayo. Na wewe ulikuwa nayo, ukaificha na picha ya Wilkista."

"Nisamehe, shemeji."

Gari likafika, utingo akapiga bati akiita Busia, Busia, wawili tu. Onyuka alisimama. Jentrix alibaki amekaa, akampungia utingo mkono aende zake.

"Kaa," alisema. "Anza tena. Anza pale alipoingia kwa mlango."

Onyuka akakaa, akaanza tena, na safari hii hakuruka kitu.